Betri mpya ila kila asubuhi imekufa, nianzie wapi?

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Mwanga hapa Kigoma, nina Noah nabebea dagaa, alfajiri natakiwa niwe Kibirizi. Mchana kutwa nazima nawasha haina shida, ila ikilala tu asubuhi inalia tik tik, taa za dashibodi zinafifia, haiwaki mpaka nibustiwe. Fundi wa kwanza akasema betri imechoka, nikanunua mpya, wiki chache ikarudia yale yale. Wa pili akachomoa taminali gari ikiwa inaunguruma, haikuzima, akasema altaneta nzima ila betri nimeuziwa feki. Wa tatu anasema ninunue altaneta. Nimsikilize nani? – Muuza dagaa, Kigoma

JIBU: Marahaba dada, pole sana. Usitoe hata senti kwanza. Wote hao wamekutajia kitu cha kununua au cha kulaumu na hamna hata mmoja aliyepima, na hilo linaniuma maana hiyo hela ni mtaji wako. Alafu huyo aliyechomoa taminali injini ikiwaka usimruhusu tena, umeme wa altaneta ukikosa betri ya kuutuliza unaruka juu ghafla na unaweza kuunguza kontrol boksi (kompyuta ya gari), na hata hivyo gari kutozima haimaanishi altaneta inachaji vizuri.

Betri inayokufa usiku ni moja kati ya haya: yenyewe haishiki chaji, au mchana altaneta haiijazi vya kutosha, au kuna kitu kinainyonya ukilala. Anza na kipimo cha bure. Peleka betri ikachajiwe mpaka ijae, irudishe, jioni ukishapaki chukua spana namba 10 utoe taminali ya hasi uiweke pembeni isiguse kitu, asubuhi irudishe uwashe. Saa na stesheni za redio zitapotea, hilo lisikutishe. Fanya siku mbili tatu, ikiwa inawaka vizuri kila asubuhi basi betri haina kosa, mla umeme yuko ndani ya gari.

Isipowaka, tafuta mita ya kupimia umeme, iweke kwenye volti na ncha zake kwenye vichwa viwili vya betri. Gari ikiwa imelala masaa kadhaa betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 ni nusu, chini ya 12 hapo hamna kitu. Injini ikiunguruma isome kati ya 13.8 na 14.5, ikibaki kwenye 12 haichaji, ila kabla ya kununua altaneta angalia mkanda usiwe umelegea na taminali zisiwe na ule unga mweupe. Na safari za Kibirizi Mwanga ni fupi, asubuhi stata imekula umeme mwingi, taa zinawaka, altaneta haipati muda wa kurudisha.

Ila kwa ulivyoeleza, mchana inawaka usiku inakufa, mi nawaza kuna mnyonyaji. Kumpima unatoa taminali ya hasi, mita unaiweka kwenye ampea 10 (waya mwekundu nao uhamie tundu la 10A), ncha moja kwenye waya ulioutoa, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri, funguo nje, milango imefungwa, na usijaribu kuwasha gari hapo utaunguza fyuzi ya mita. Subiri nusu saa gari ilale kabisa. Ikisoma chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Betri ya 60Ah (yaani ya kutoa ampea moja kwa masaa 60) ikinyonywa ampea 2 kwa masaa 12 imepoteza 24Ah, karibu nusu, na kama haikuwa imejaa ndo imekufa hivyo. Ila ukikuta 0.1 tu na bado inakufa usiku mmoja, lawama inarudi kwa betri, maana kila ikiisha kabisa inaharibika ndani hata kama ni mpya.

Namba ikiwa kubwa, chomoa fyuzi moja moja ukiangalia mita, ile itakayoishusha ndo njia ya mwizi. Taa ya buti na swichi za milango ziangalie pia, ila mshukiwa wangu wa kwanza ni redio. Noah zetu zinatoka Japani na redio zao za FM ziliishia 90, za kwetu zinafika 108, kwa hiyo karibu kila mtu kabadilisha. Redio mpya ina waya wa njano unaokaa na umeme muda wote wa kutunza kumbukumbu, na mwekundu unaotakiwa upate umeme ukiwasha swichi tu, sasa fundi mwenye haraka anaziunga zote mbili pamoja kwenye umeme wa moja kwa moja, redio ikizimwa inaonekana imezima kumbe ndani iko macho. Kama una amplifaya ndo usiseme, waya wake unatoka betri moja kwa moja una fyuzi yake pembeni, ukichomoa fyuzi zote za boksi bado inakula, kwa hiyo hiyo itafute kwa mkono.

Ukishatoa fyuzi zote na namba haijashuka, alfajiri kabla hujawasha shika altaneta. Ikiwa na joto na gari imelala usiku kucha, dayodi zake (vipande vinavyozuia umeme wa betri usirudi ndani yake) zinavuja, hapo fundi wako wa tatu atakuwa kapatia. Lakini hata hapo muulizie kwanza dayodi peke yake, mara nyingi zinabadilishwa bila kununua altaneta nzima.