Ladha Si Hoja, au Pengine Ni Hoja

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama mgahawa wa wahamiaji uliobadilisha mapishi ili kuwaridhisha wenyeji unastahili heshima sawa na ule usiobadilisha kitu. Mimi nautazama Pekin Noodle Parlor, mgahawa wa Wachina uliofunguliwa mwaka 1911 mjini Butte, katika jimbo la Montana, Marekani, na kwangu ladha si hoja. Hoja ni kwamba Wachina wenyewe walibaki.

Sheria ya mwaka 1882 iliwafungia vibarua wa Kichina mlango wa Marekani hadi ilipofutwa mwaka 1943. Mjini Butte kwenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1890, vyama vya wafanyakazi vilitangaza kususia biashara za Wachina, nao wafanyabiashara hao, akiwemo Hum Fay na tabibu Huie Pock, wakaenda mahakamani na kushinda.

Nilikula huko jioni moja ya baridi kali, nikiwa mgeni wa mzee aliyewahi kuchimba shaba. Tulipanda ngazi hadi ghorofani, tukapita kati ya vijumba vya mbao vya rangi ya machungwa, kila kimoja na pazia lake, tukaketi. Aliagiza chop suey, yaani nyama na mboga zilizopikwa pamoja kwa mchuzi, chakula cha Wachina kilichogeuzwa kufuata ladha ya Wamarekani, bila kutazama orodha ya vyakula. Ilikuja na mchuzi mzito, nami nikahuzunika kuona mpishi anafuata ulimi wa watu waliowahi kumkataa. Mzee akanieleza, taratibu, akinyamaza kila mhudumu alipopita, kwamba babu yake alikuwa mwanachama wa chama kilichosusia, na kwamba baba yake, kila alipopokea mshahara, aliwaleta watoto wote pale. Sikujua nimjibu nini, naye hakungoja jibu. Alichota mchuzi uliobaki hadi sahani ikawa nyeupe.

Nilikusudia kuandika kwamba mapishi yale ni kodi waliyotozwa Wachina ili waachwe waishi. Sasa nasita. Danny Wong, aliyeuendesha mgahawa kwa miongo mingi hadi alipofariki mwaka 2020, na mwanawe Jerry Tam aliyeupokea, waliendelea kupika chop suey miaka mingi baada ya sheria ile kufutwa. Kitu ambacho mtu anaendelea kukipika pasipo kushurutishwa ni chake.

Kwa hiyo ladha nayo ni hoja, na jibu langu ni ndiyo, heshima ni sawa, ingawa nasema hivyo kwa Butte peke yake, na kwa sharti kwamba hakuna atakayelitumia jibu hili kuusahau ususiaji ule.