Ukitunga Hadithi ya Mapenzi Dukani, Usiwafukuze Wateja

Hadithi nyingi za mapenzi ya dukani ninazosoma hazina wateja. Muuzaji na mpenzi wake wanaongea ukurasa mzima na hakuna anayegonga sarafu kwenye kaunta. Nimeuza dukani kwa mjomba, Tandika, Dar es Salaam, na najua saa kumi na mbili jioni huwezi kumaliza sentensi. Mtoto ametumwa mafuta ya kupima, mama anataka sukari robo, bodaboda anaulizia vocha na pikipiki hajaizima.

Waache waingilie. Kijana anataka kusema jambo, foleni inamsukuma, anaishia kuagiza kiberiti. Kesho anarudi kwa kipande cha sabuni, keshokutwa chumvi, vitu ambavyo zamani alimtuma mdogo wake. Binti muuzaji naye, nyuma ya nondo za dirisha la duka, anamfichia mkate wa mwisho chini ya kaunta na kuwaambia wengine umekwisha. Hapo msomaji ameshajua, na hakuna aliyetamka "nakupenda".

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni daftari la madeni. Kuandikwa humo kuna aibu yake, hasa mwandikaji akiwa ndiye unayemtaka. Kijana akiishiwa hatakopa kwake. Atakwenda duka la mtaa wa pili, akizunguka uchochoroni asionekane. Binti atamwona, au ataambiwa, naye atadhani amechokwa. Sura nzima hiyo, na haihitaji tajiri wa mjini wala ajali ya gari.

Tena kumbuka mali si ya binti. Akimwongezea mtu kibaba cha mchele, usiku mwenye duka akifunga hesabu pesa inapungua, na nani atafidia? Upendo wenye gharama namna hiyo naamini kuliko maua.

Angalia na mwaka wa hadithi. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania 2008, kwa hiyo mapenzi ya 2005 hayawezi kuanzia kwenye kutoa pesa kwa wakala. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019. Mteja wa 2022 asifungiwe unga kwenye rambo.

Kabla ya kuandika, nenda jioni duka la jirani, nunua soda, kaa kwenye benchi la nje usikilize. Kisha rudi kwenye yale mazungumzo marefu ya wapenzi wako, uwapitishe katikati yake wateja wanne wenye haraka.