Jibu: Mzee ananyamaza kamera ikiwashwa

Habari ndugu. Umesema mzee wa Nyeri unayemrekodi kwa filamu yako husimulia miaka ya Hali ya Hatari (vita vya Mau Mau dhidi ya Waingereza nchini Kenya, miaka ya 1950) bila shida, ila kamera ikiwashwa anafunga mdomo.

Kwanza angalia nani yuko chumbani. Ukoo mmoja uliweza kutoa mpiganaji wa msituni na homugadi (askari wa kijiji aliyekuwa upande wa wakoloni), na wajukuu wao leo wamepakana mashamba. Isitoshe, Mau Mau ilibaki marufuku kisheria hadi 2003, kwa hiyo kunyamaza kulikuwa njia ya kuishi. Wazee niliowahoji walifunguka tukiwa wawili tu, kwa kinasa sauti, kamera ikiwa bado begini. Picha utazipata baadaye, akikuzoea.

Pili, mwambie mapema kwamba hukuja kwa mambo ya fidia. Baada ya Uingereza kukubali mwaka 2013 kuwalipa walalamikaji 5,228 walioteswa enzi hizo, wengi walioachwa nje bado wanasubiri, na mgeni mwenye maswali huwapa matumaini. Kumwacha mzee na tumaini la uongo ni ukatili.

Nyaraka za kikoloni zisome, lakini usizitumie kumsahihisha. Wafungwa 11 walipopigwa hadi kufa katika kambi ya kizuizini ya Hola, Machi 1959, taarifa rasmi ya kwanza ilidai walikufa baada ya kunywa maji! Weka karatasi na sauti yake kando kwa kando, mtazamaji aone pengo.

Akikataa kabisa, mwache. Suala la nani anarithi idhini ya kutumia rekodi zake akifariki, muulize wakili kabla hujaanza kuhariri.