Kwa nini refa anamwacha kipa alale? Majibu ya mtu aliyepuliza filimbi Tanga

Wakuu, nimeusoma uzi wote. Mgosi aliyeuanzisha ana uchungu, na ana haki nao. Kalipa kiingilio, kakaa kwenye jua la uwanja wa Mkwakwani, wageni wakapata goli mapema kipindi cha pili, na kuanzia hapo kipa wao akawa analala kila mpira ukimfikia. Mwishoni kikanyanyuliwa kibao cha dakika nne za nyongeza, zikapita, mchezo ukaisha. Anauliza kwa nini refa hakufanya kitu, na wengi humu mmemjibu kwa neno moja: kahongwa.

Mimi nimechezesha mpira mkoani hapa kwa miaka mingi, kuanzia ndondo za Makorora na Pongwe hadi ligi ya mkoa, na kwenye mechi kubwa zaidi nimesimama pembeni kama mwamuzi wa akiba. Mwenye ushahidi wa rushwa aupeleke panapohusika. Ila hili la kipa kulala halihitaji hongo, sheria zenyewe zimemwachia mlango.

Mchezaji wa ndani, yaani asiye kipa, akitibiwa uwanjani, lazima atoke nje kwanza ndipo aruhusiwe kurudi. Kwa hiyo beki akijiangusha, timu yake inabaki pungufu kwa muda, na kocha mwenye akili hapendi hivyo. Kipa haguswi na sheria hiyo. Anatibiwa palepale golini, anamaliza, anasimama, mchezo unaendelea. Ndiyo maana siku hizi timu inayoongoza ikitaka kupumua, anayeanguka ni kipa.

Nimewaona kwa karibu sana hawa. Krosi inaingia, kipa anaidaka vizuri, hajaguswa na mtu. Anapiga hatua mbili, anatazama benchi lake, halafu ndiyo anakaa chini. Kipa aliyeumia kweli hana habari na benchi, anashika palipouma na kujikunja. Huyu wa kwetu keshaweka mpira chini na kuvua glovu moja, na kabla daktari hajafika wenzake wote wako kwenye mstari wanakunywa maji huku kocha akiwaonyesha kwa vidole nani ahamie wapi. Unamfuata, unamuuliza, "Unaendelea?" Anafumba macho. Nilishamkuta mmoja ameshika paja la kulia, daktari alipofika likawa la kushoto.

Sasa refa afanye nini? Hawezi kumwambia "huumwi, simama." Yeye si daktari. Siku akimlazimisha kuinuka mtu aliyegongwa kichwa kweli, ule mzigo ataubeba maisha yake yote. Hakuna refa mwenye akili timamu anayecheza na hilo, na makipa wanalijua. Silaha pekee anayobaki nayo ni saa.

Sheria ya 7 ya soka iko wazi kwamba muda uliopotea kwa majeruhi, mabadiliko ya wachezaji, kadi, kushangilia magoli na kupoteza muda kwa makusudi unafidiwa, na anayeamua ni refa mwenyewe. Kwenye karatasi, kipa akilala mara tatu na kila mara dakika mbili zikaenda, kibao kinapaswa kisome dakika sita kabla hujahesabu mabadiliko. Mbona hakisomi? Mazoea na woga. Dakika tatu au nne zilizoeleka kiasi kwamba ukiongeza tisa wakati mwenyeji yuko nyuma kwa goli moja, wageni watasema unamtafutia goli. Na huku chini kwenye viwanja visivyo na taa kuna jambo jingine: adhana ya magharibi ikilia, mpira hauonekani tena. Nimewahi kumaliza mechi nikijua kabisa kwamba kuna dakika zinadaiwa, giza likanizuia.

Kombe la Dunia la Qatar 2022 lilitikisa mazoea hayo. FIFA iliwaagiza waamuzi wafidie kila kinachopotea, na mechi ya Uingereza na Iran iliyoisha 6-2 ilizidi dakika 20 za nyongeza ukijumlisha vipindi vyote viwili. Watu walilalamika kwamba mechi zimekuwa ndefu. Mimi nilifurahi sana, kwa sababu hata kwenye ligi kubwa za Ulaya, ndani ya zile dakika 90 mpira wenyewe unachezwa kama 55 hivi. Mtu amelipia 90.

Lakini wakuu, hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema "ongezeni dakika, basi". Dakika zinarudishwa, moto haurudishwi. Fikiria mechi ya jioni, upepo wa bahari umeshaanza kuvuma, timu inayotafuta goli imebana kona tatu mfululizo, mabeki wa upande wa pili wanahema, jukwaa zima limesimama. Hapo kipa anakaa chini dakika mbili. Wakisimama tena, mabeki wamekunywa maji, wamepangwa upya, washambuliaji wamepoa, na jukwaa limekaa. Dakika mbili zile utazirudisha mwishoni, tena zote, lakini utawarudishia watu waliochoka, wenye papara, wanaobutua mipira mirefu. Kilichoibwa ni ule wakati mabeki walipokuwa wanakaribia kuvunjika, na hakuna kibao kinachoweza kuuandika.

Kwa hiyo dawa ni adhabu ya papo hapo, na iwe ndogo kiasi kwamba refa haogopi kuitoa. Angalia historia ya kipa kukaa na mpira mkononi. Hadi 1992 beki alikuwa anamrudishia kipa kwa mguu, kipa anadaka, anamrushia beki, beki anamrudishia tena. Kombe la Dunia la Italia 1990 lilichosha watu kwa mambo hayo, ndipo ikapigwa marufuku kudaka pasi ya mguu ya mwenzako. Mwaka 2000 ikaja sheria ya sekunde sita. Nani kati yenu aliwahi kuiona ikitekelezwa? Mara chache mno, kwa sababu adhabu yake ilikuwa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja ndani ya boksi. Unamwekea mtu ukuta mzima juu ya mstari wa goli kwa kosa la sekunde mbili! Refa anaona mechi nzima inaweza kuamuliwa na hesabu yake ya kichwani, anameza mate, anamwonyesha kipa ishara ya "harakisha" na kuendelea. Mimi mwenyewe sikuwahi kuitoa, na siwafahamu wenzangu walioitoa.

Kuanzia msimu wa 2025/26 ni sekunde nane, na kipa akizidisha, wapinzani wanapewa kona. Sekunde tano za mwisho refa ananyanyua mkono na kuhesabu kwa vidole, kila mtu anaona. Adhabu imepungua, muda umeongezwa, na sheria imepata meno. Kwenye Kombe la Dunia la Klabu la Juni 2025, Ronwen Williams, kipa wa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, alipigiwa kona kwa kosa hilo walipocheza na Ulsan ya Korea Kusini. Sundowns walishinda 1-0, dunia haikuisha, na makipa waliokuwa wanatazama walijifunza.

Kadi ya njano ni hadithi ileile kwa upande wa pili. Refa anaweza kuitoa dakika ya 10 kwa anayechelewesha kurusha au kupiga goli kiki. Tunasubiri mpaka dakika ya 85. Kipa wa dakika ya 85 anaipokea kwa moyo mweupe, keshavuna kila alichotaka, na kadi ya pili hatafika kuipata.

Kuna mmoja humu kasema haya mambo ni ya timu za Uarabuni. Hapana, ndugu yangu. Kila anayeongoza anafanya, sisi tukiwemo. Wenyeji wakiwa nyuma, waokota mipira wanakimbia kama swala. Wenyeji wakiongoza, ghafla hakuna mtoto nyuma ya goli, na mpira uliotoka nje unatafutwa na kipa wa wageni mwenyewe. Inaniuma kwa sababu tunawafundisha watoto. Ulaya nako yapo: Januari 2013 Eden Hazard wa Chelsea alipewa kadi nyekundu kule Swansea kwa kumpiga teke mwokota mipira aliyeulalia mpira. Hazard alikosa, lakini yule kijana naye alikuwa kazini.

Kuhusu penalti nitasema kidogo tu. Kipa wa Argentina, Emiliano Martínez, aliutupa mpira mbali kabla Tchouaméni wa Ufaransa hajapiga kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 2022, na Tchouaméni akakosa. Mwaka uliofuata sheria ikakaza kumzuia kipa asimvuruge mpigaji isivyo halali. Ngao ya Jamii ya Agosti 2023 hapa Mkwakwani, Simba ilipoishinda Yanga kwa penalti 3-1, sheria hiyo ilikuwa na wiki chache tu tangu ianze.

Turudi kwa kipa anayelala, maana huo mlango bado uko wazi. Ningetamani sheria iseme kwamba kipa akitibiwa, kapteni wake achague mchezaji mmoja wa ndani akae nje dakika moja. Hakuna atakayemlazimisha majeruhi kusimama, na hakuna atakayelala bure. Wakati tukisubiri, mimi kwenye mechi zangu nafanya hivi: kipa akikaa tu, namwita kapteni wake na kumwambia hakuna mchezaji kwenda kwenye mstari, wote wabaki uwanjani, na mwamuzi wa akiba anamzuia kocha asitoke kwenye eneo lake. Daktari aingie, atibu kwa nafasi yake, simharakishi. Kipa anageuza shingo kutazama benchi, anaona hakuna kikao. Wengi wanainuka kabla daktari hajafungua begi.