Mjukuu wetu yuko kwa mlezi wa kambo Buhongwa, sisi tupo Ukerewe, tufanyeje?

SWALI: Mwanangu habari za kazi. Anayechapa hapa ni kijana wa jirani, maneno ni yangu. Nina miaka 67, bibi yenu ana 61, nilikuwa mvuvi sasa nashona nyavu na mwenzangu anaanika dagaa. Binti yetu alizalia nyumbani, mtoto tukamlea sisi mpaka akafikisha miaka miwili na nusu ndo mama yake akaja kumchukua akaenda nae Mwanza, alikuwa mamalishe pale mwaloni Kirumba. Mwaka jana akaumwa akafariki, simu yake ikawa haipatikani sisi tukajua kabadili laini, kumbe majirani ndo wamemzika, taarifa tumekuja kuipata baada ya miezi mitano. Mtoto walimpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, yeye akampeleka ustawi wa jamii, ustawi wakamweka kwa mama mmoja Buhongwa amlee kwa muda, ndo wanamuita mlezi wa kambo. Ofisini tumeenda mara mbili, ya kwanza mhusika yupo semina, ya pili tukaambiwa nyie wazee mmeshachoka mwacheni mtoto asome, na huyo mama anataka kumuasili kabisa. Mtoto alipotuona akajificha nyuma ya huyo mama. Mimi nasema mahari haikutolewa kwa hiyo huyu mtoto ni wa kwangu, na kijana wangu anasema tukamsubiri getini chekechea tupande nae meli, jioni tuko Nansio. Tufanyeje?

JIBU: Shikamoo babu, na bibi naye shikamoo huko kwenye vichanja. Poleni sana na msiba.

Nianze na huyo kijana wako maana yeye ndo ananitisha. Msimchukue mtoto getini, yaani hata kama mlango uko wazi na mwalimu ni mtu wa kwenu. Kwa sasa yuko mikononi mwa serikali kupitia ustawi wa jamii, mkipanda nae meli tu polisi watawasubiri gatini Nansio, na siku mkifika mbele ya hakimu kuomba huyo huyo mtoto, kitu cha kwanza kitakachosomwa ni hilo tukio.

La pili ni mahari. Najua kwetu huku kanda ya ziwa hilo neno ni zito na mzee mwenzio yeyote hapo kijijini atakuunga mkono, ila mahakamani halitakufikisha mbali. Wanaangalia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na ile inauliza swali moja tu, mtoto huyu anafaidika vipi. Kwa hiyo badala ya kwenda na "mtoto ni wangu" nenda na "tulimlea miaka miwili na nusu". Hapo ndo penye nguvu yenu babu, na nashangaa umeitaja kama kitu cha kupita tu! Kifungu cha 37 kinamtaja mzazi, mlezi au ndugu anayemtunza mtoto kuwa anaweza kuomba akae nae, cha 38 kinamtaja hata ndugu aliyekuwa akimtunza, kwamba anaweza kuomba awe anamuona. Tafuteni kadi ya kliniki kama chanjo alichomwa huko kwenu, barua ya mtendaji wa kijiji, mashahidi wawili watatu waliomuona anatambaa hapo uani, cheti cha kuzaliwa cha binti yenu chenye majina yenu na cheti chake cha kifo. Kama vyeti hakuna na undugu unabishaniwa, kuna kipimo cha vinasaba, yaani DNA, maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo hapo Mwanza, ila hauendi dirishani ukalipa ukapimwa, inapitia mahakamani au kwa afisa ustawi.

Na hilo la kwamba mmechoka, kifungu cha 39 ndo kina vigezo vya kumpa mtu mtoto na umri unaotajwa pale ni wa mtoto sio wa babu. Ila tusidanganyane, hakimu ana haki ya kujiuliza mtoto wa miaka minne au mitano leo, wewe ukifika 80 itakuwaje, sasa msiende na jibu la Mungu atajalia, nendeni na mtu, binti mwingine au huyo huyo kijana wa getini akitulia, aseme mbele yao kwamba wazee wakishindwa mimi napokea.

Kinachonikimbiza mimi ni hilo neno kuasili. Kambo na kuasili ni vitu viwili. Mlezi wa kambo amepewa amana, afisa ustawi anamfuatilia na mtoto anaweza kurudishwa kwa ndugu, lakini amri ya kuasili ikishatoka mtoto kisheria ni wa huyo mama kama aliyemzaa, na nyie mnabaki watu wa kumuombea dua. Kwa hiyo wiki hii, sio baada ya msimu wa dagaa, andikeni barua kwa afisa ustawi wa halmashauri kwamba ndugu wa damu wapo na wanamtaka mtoto, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mambo ya mdomo hayaingii kwenye faili ndo maana mkaambiwa mmechoka mkaondoka. Halafu muingie Mahakama ya Watoto, kwa Mwanza pa kuulizia ni Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki pale Buswelu. Kesi hizi hazisikilizwi hadharani, hamtajaza watu. Hela ya wakili kama hakuna ulizeni msaada wa kisheria, upo kisheria tangu 2017, na ukikwama kabisa piga 116 ni namba ya huduma kwa mtoto na ni bure.

Kuhusu mtoto kujificha, hiyo isikuumize babu, mtoto kafiwa na mama na huyo mwingine ndo anamlisha uji. Ombeni kwanza muwe mnamuona, hata Jumamosi mbili kwa mwezi, hakimu akija kuuliza mtoto anawajua hawa, muwe na cha kusema. Huyo mama wa Buhongwa msimgeuze adui, alimpokea mtoto wenu wakati nyie hamjui kama yuko hai. Mpelekeeni dagaa. Na bibi abebe picha ya marehemu, ile aliyopiga akiwa amembeba mtoto kama ipo, aiweke tu mezani, asimlazimishe aje mapajani.