Kamera ya harusi, mpya au iliyotumika?

SWALI: Shikamoo dada. Nataka kuanza kupiga picha za harusi hapa Mbagala. Hela yangu ni ya kudunduliza. Ninunue kamera mpya ndogo au iliyotumika?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Chukua iliyotumika. Canon 700D ni ya mwaka 2013, lakini megapikseli zake 18 zinatosha kabisa albamu. Kabla hujalipa, mulika lenzi kwa tochi ya simu: ukiona vijiuzi vyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Mimi niliuziwa ya hivyo, na picha za bibi harusi wangu wa kwanza zikatoka na ukungu. Niliumia sana. Baadaye ongeza lenzi ya milimita 50, f/1.8, yaani yenye tundu pana linaloingiza mwanga mwingi, maana ukumbini mwanga ni hafifu. Na betri ya pili, tafadhali!