Ongea na Mpishi Kabla Nyama Haijaona Moto

Siku dada yangu mdogo alipohitimu pale Egerton, niliwapeleka wazazi kula steki Nakuru mjini. Nilikuwa nimeweka akiba miezi mitatu kwa ajili ya jioni hiyo. Hoteli yenyewe ni ya viti vya ngozi na taa hafifu, na nyuma ya kioo yamesimama matangi ya chuma ambamo wanapika bia yao wenyewe. Mzee akachagua kipande kikubwa chenye mfupa. Weita akauliza, "Mzee, iive vipi?" Mzee akanitazama mimi. Nikajibu upesi, tusije tukaonekana wageni: "Iive kabisa." Ililetwa imekauka, ukingo mweusi, kisu kinateleza. Mzee alitafuna vipande vinne, akaweka kisu chini taratibu, akasema ameshiba. Saa tano usiku, nyumbani Njoro, Mama alikuwa akimpashia ugali na maharagwe.

Pesa ziliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni hiki: Mzee huyo huyo, mpeleke bucha yoyote inayochoma nyama, utamwona ni mtu mwingine. Anasalimia, anapita mbele, anazitazama mbavu zinazoning'inia, ananyoosha kidole. "Nikatie hapo. Hapana, juu kidogo. Acha hayo mafuta. Pima nione." Nyama ikichelewa anakwenda mwenyewe hadi kwenye jiko kuiangalia, na hakuna anayemwona mkorofi. Wengi wetu tuko hivyo. Ila tukiwekewa kitambaa cheupe na menyu yenye jalada gumu, ulimi unakwama. Tunaagiza kwa kusoma bei, kisha tunapokea chochote kitakacholetwa.

Tangu siku ile nimerudi kwenye hoteli za aina hiyo mara nyingi, nikaketi karibu na jiko, nikauliza maswali hadi wapishi wakanizoea. Ninachokuomba ni kwamba sauti yako ya bucha usiiache mlangoni.

Swali langu la kwanza siku hizi ni hili: nyama imekaa siku ngapi tangu ichinjwe? Tumelelewa tukiamini nyama nzuri ni ya leo asubuhi, na kwa mchuzi au tumbukiza hiyo haina shida, kwa sababu sufuria itaifanyia kazi. Steki haina sufuria. Inakaa motoni dakika chache tu, kwa hiyo ulaini wake lazima uwe umepatikana kabla. Ng'ombe akishachinjwa misuli yake hukakamaa, ndipo polepole, siku baada ya siku, vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe huanza kuilegeza. Hoteli inayojua kazi huiweka nyama hiyo kwenye chumba baridi, karibu na nyuzi sifuri, wiki mbili au tatu. Mpishi akijibu kwa fahari kwamba ng'ombe ameangushwa leo, mshukuru, kisha agiza mbuzi. Mbuzi wa kuchoma hukaa juu ya makaa saa nzima na zaidi, huo ndio muda wake wa kulainika. Na kama wana kondoo wa Molo, hapo usifikirie mara mbili.

Kuiva ndiko kulikotuangusha sisi. Ng'ombe wetu wengi ni wa kienyeji na Boran na machotara wao, waliokula nyasi maisha yao yote. Nyama yao ina ladha ya kweli, naipenda kuliko ile iliyonona kwa nafaka, ila mafuta yaliyojipenyeza ndani ya misuli ni machache. Ukiipika mpaka katikati igeuke kijivu, haina kitu cha kuizuia isikauke. Kwa upande mwingine, sitamshauri mtu yeyote ale iliyo mbichi katikati eti kwa sababu wazungu huila hivyo. Tegu wa ng'ombe yupo Kenya, na mabuu yake hukaa ndani ya msuli, si juu tu. Muhuri wa mkaguzi husaidia, lakini jicho la mkaguzi linaweza kukosa lengelenge dogo lenye buu ndani. Kinachoua mabuu hayo ni joto, au kugandishwa barabara kwa siku kadhaa. Kipimo ninachofuata ni nyuzi 63 katikati ya kipande, kisha nyama ipumzike angalau dakika 3 kabla ya kukatwa. Hiyo ndiyo midiamu ya wapishi wengi, au imepita kidogo tu: waridi hafifu katikati, majimaji bado yamo, kisu kinaingia bila kusukumwa. Mwambie weita hivyo hivyo, "iwe waridi kidogo katikati, isiwe na damu," maana neno midiamu kila jiko lina maana yake. Mpishi mwenye kipimajoto mfukoni atafurahi kusikia namba.

Baga ni kesi nyingine kabisa. Nyama ikishasagwa, vijidudu vilivyokuwa juu vimechanganywa hadi ndani. Hiyo iive yote, hata kama wewe ni mpenzi wa waridi.

Kuhusu vipande sitakuchosha. Fileti ndiyo laini kuliko zote kwa sababu msuli ule haufanyi kazi kubwa mwilini mwa ng'ombe, na kwa sababu hiyo hiyo ladha yake ni ya upole. Mpe mtu ambaye meno yanamsumbua. Saloini ina ukanda wa mafuta na ladha nzito zaidi. Kile kipande chenye mfupa wa umbo la T kina vyote viwili, fileti upande huu na saloini upande ule, ndiyo maana humpa mpishi kazi: upande mmoja huiva kabla ya mwenzake. Usikiagize mahali ambapo bado hujaliamini jiko. Kumbuka pia kwamba gramu zinazoandikwa kwenye menyu kwa kawaida ni za nyama mbichi. Robo hivi hupotelea motoni, usidhani umeibiwa.

Mwaka uliofuata nilimrudisha Mzee kwenye hoteli ile ile. Hakutaka. Nilimwambia safari hii tutaongea. Weita alipofika nilimwomba atuitie mpishi, na kijana akatoka jikoni na aproni yake, akaketi nasi dakika mbili. Mzee akaanza kama yuko bucha. Ametoka wapi huyu ng'ombe? Unatumia makaa au gesi? Mnaikata unene gani? Kijana akaonyesha kwa vidole viwili, karibu sentimita tatu, akaeleza kwamba nyembamba kuliko hapo huiva hadi ndani kabla nje haijapata rangi. Saloini ililetwa ikapumzishwa mezani juu ya ubao, na Mzee akaimaliza. Mfupa haukuwepo, akaulizia mfupa.

Sasa bia. Mama hanywi, alikunywa maji ya ndimu na hakuna aliyemsumbua, na naomba na wewe usimsumbue mtu mezani kwako. Mzee ndiye aliyenifundisha kitu usiku ule. Alilima shayiri Mau Narok miaka mingi, magunia yakabebwa na lori, na hakuwahi kuona yanakoishia. Mpishi wa bia alipomsikia akatuletea kimea kwenye bakuli. Mzee akatia punje mdomoni, akatafuna, akafumba macho. Ni tamu, akasema. Ndivyo ilivyo: shayiri hulowekwa ikaanza kuota, kisha hukaushwa, na ukiikoroga katika maji ya moto ya nyuzi sitini na kitu, wanga wake hugeuka sukari. Huchemshwa na hopsi, maua makavu ya mmea fulani, ili ipate uchungu, hupozwa, hutiwa hamira, kisha huachwa. Mama, ambaye kwao ni Kakamega, akasema busaa nayo huanza kwa kimea, ila cha wimbi. Nilitamani ningekuwa nimewapeleka miaka kumi mapema.

Bia ya namna hii mara nyingi haichemshwi tena baada ya kuchacha, ina uhai ndani yake, kwa hiyo uliza ile iliyo kwenye bomba iliunganishwa lini. Ikiwa mpya ina harufu ya mkate. Ikizeeka hunuka kama karatasi iliyolowa. Omba kuonja kidogo kabla ya kujazwa glasi. Mahali pazuri hawakatai. Anza na nyepesi, malizia na nzito, kwa sababu ukianza na stauti, ile bia nyeusi nzito, ulimi hautasikia nyingine. Na usiiogope stauti kwa weusi wake. Rangi hutoka kwenye nafaka zilizokaangwa sana, nguvu hutoka kwenye sukari iliyochachushwa. Guinness ya bomba inayouzwa Ireland ina asilimia 4.2 ya kilevi, sawasawa na Tusker ya kawaida. Kwa hiyo soma asilimia, usisome rangi.

Weita wa Kenya atakuuliza baridi ama moto. Jibu langu kwa bia nyepesi ni baridi. Kwa stauti na zile za rangi ya kahawia naomba itolewe kwenye friji ikae dakika kumi. Ikiwa ya barafu ulimi hufa ganzi, unalipia ladha usiyoipata. Wazee wanaokunywa bia moto wana hoja, na steki ya mkaa na stauti isiyo baridi sana ni ndoa niliyoishuhudia mwenyewe.

Kabla ya kuagiza, uliza pia kama bei za menyu zina ushuru ndani. VAT ni asilimia 16, ipo tozo ya utalii ya asilimia 2, na hoteli nyingine huongeza asilimia 10 ya huduma. Mahali ambapo haya yote hutokea chini ya bili, steki ya shilingi 2,000 inageuka kitu kingine. Ukitaka kumpa weita asante, mpe mkononi.

Gari niliacha nyumbani Njoro mchana ule, tukaja kwa matatu, tukarudi kwa teksi. Ukiwa na glasi mbili au tatu kichwani, kahawa haikusaidii chochote. Ini lina mwendo wake na halikubali kuharakishwa. Panga usafiri wa kurudi ungali nyumbani, kwa sababu saa nne usiku kila mtu hujiona yuko sawa. Njiani Mzee alikaa mbele na dereva, bakuli la kimea alilopewa limefunikwa kwa kitambaa cha mezani juu ya magoti, akimweleza jinsi baridi ya Mau Narok inavyoipa shayiri punje nene.